Mwavuli wa Makungu

Kama umepata kwenda asubuhi kwenye nyumba ya dawa ya Kiponda, bila shaka umechomwa mbavu na mwavuli wa Makungu. Kama hukuchomwa, basi una domo refu wewe, ulianza kusema kabla hujafika mlangoni, na mtu wa namna yako Makungu hakuwa na haja naye.

Alikuwa mtu mfupi, mwashi kwa kazi yake, mikono imebabuka kwa chokaa mpaka viwikoni, miguu imepinda kidogo kama koleo. Lakini juu ya miguu hiyo, tazama sasa: kanzu nyeupe, kofia ya viua iliyotiwa uwanga ikasimama kama ukuta wa Ngome, makubadhi yanayolia kwaa kwaa, na mwavuli mweusi ambao siku hizo hakuna aliyeuona umefunguliwa. Jua la kupasua vichwa, mwavuli umefungwa. Mvua ya masika, mwavuli umefungwa, na yeye analowa kama kuku. Kila siku ya Mungu, kabla hajakwenda kazini, alikaa pale barazani pa nyumba ya dawa. Akimwona mtu wa Ng'ambo au wa shamba amejikunyata pembeni na mgonjwa wake, macho chini, humwendea taratibu akamchoma.

"Sema!"

"Nnangoja niulizwe, Bwana."

"Nani kakwambia utaulizwa? Sema!"

Watu wakacheka, wakampa jina, Bwana Sema. Mabingwa wa kila jambo pale sokoni wakasema ana jini la kibara. Wengine wakasema chokaa imempanda kichwani. Hawajui kitu, na wala msiwaulize. Hadithi hii naijua mimi, tena naijua kutoka mzizini. Ukitaka kucheka, cheka hapa mwanzo umalize, kwa sababu huko mbele sikuahidi kitu.

Makungu aliletwa Unguja mdogo, kutoka bara ya Nyasa, hata jina la mama yake likampotea njiani. Alikulia nyumbani kwa Bwana Ghanim bin Darwesh, Mwarabu mwenye mikarafuu huko njia ya Mtoni na nyumba ya ghorofa mbili hapo hapo Kiponda. Nisimsingizie mtu: Bwana Ghanim hakuwa mtu wa mijeledi. Alikuwa mtu wa adabu. Na adabu ya nyumba yake ilikuwa hivi: mtumwa akija mbele ya bwana, kichwa wazi, miguu mitupu, ainame, aseme "Shikamoo," kisha anyamaze. Anyamaze mpaka bwana apende kumuuliza. Haja yake, hata iwe kubwa kama Msikiti wa Ijumaa, ataiweka moyoni mpaka aulizwe.

Palikuwa na kisa kikisimuliwa pale barazani, cha mtumwa mmoja wa jikoni aliyekuja akakaa kwenye ngazi, kimya, akingoja kuulizwa. Bwana akanywa kahawa yake, akazungumza na wageni, akageuka mwisho: "Una nini wewe?" Yule akajibu, "Jiko limekwisha kuungua, Bwana." Bwana Ghanim alikipenda kisa hicho. Akikisimulia hucheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba.

Ilipokuja sheria ya kuwa mtumwa anayetaka uhuru aende kwa hakimu akachukue hati, Makungu alikwenda mwaka ule wa mwanzo. Alisimama jua zima, akaipata karatasi yake. Kesho yake akanunua kofia, makubadhi na mwavuli, vitu vitatu ambavyo mtumwa hana ruhusa navyo, akavivaa vyote pamoja, na mwavuli akaufungua. Asubuhi hiyo haikuwa na jua wala wingu. Akapita mbele ya baraza ya Bwana Ghanim, mbele ya wageni na kahawa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ghorofani:

"Sabalkheri, Bwana Ghanim!"

Sabalkheri tu, amesimama wima. Hakuinama, wala hakusema Shikamoo.

Bwana Ghanim hakuitika. Alitazama juu, akawauliza wageni wake, "Hivi, mvua itanyesha leo?" Wageni wakacheka, Makungu naye akacheka kivyake, kila mtu akaenda na kicheko chake. Tangu siku ile wawili hao hawakusemezana, miaka kumi.

Makungu akahamia Kikwajuni, huko Ng'ambo, upande wa pili wa daraja, akajenga kibanda cha miti na udongo kwa mikono yake, yeye aliyewajengea wenzake kuta za mawe. Akamuoa Kidawa, mwanamke mrefu kumshinda, muuza vitumbua, mwenye maneno machache na yote makali. Wakazaa mtoto mmoja, Tabia.

Tabia huyo, Mungu alimpa ulimi wa watu watano. Alikuwa na miaka sita, na hakuna mtu aliyepita mlangoni kwao asijue Tabia kaota nini jana. Alikuwa hamwogopi mtu. Baba yake akitoka kazini, yeye humkimbilia akamnyang'anya mwavuli, akaufungua, akaubeba kichwani akimfuata nyuma. Mwavuli mkubwa, mtoto mdogo, watu wakaona mwavuli unatembea wenyewe na kupiga kelele. "Pisheni! Pisheni! Bwana mkubwa Makungu anapita!" Makungu akijifanya hasikii, lakini kifua kimetanuka. Mtoto huyo hakuwa na hati ya mtu. Hakuihitaji. Alizaliwa huru, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezaliwa huru.

Basi ulikuja mwaka wa dondakoo.

Yalikuwa maradhi ya watoto. Siku ya kwanza homa, siku ya pili koo, siku ya tatu shingo imevimba na ndani ya koo pameota utando mweupe kama ukoko wa wali, unakua, unaziba, mpaka mtoto anavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu. Mjini walikufa, Ng'ambo walikufa zaidi, ila huko hakuna aliyehesabu.

Ndipo meli ya barua kutoka Bombay ilipoleta dawa mpya. Si ya kunywa wala ya kupaka. Ni maji yaliyo ndani ya chupa ndogo, huwekwa kwenye barafu, daktari humdunga nayo mtoto kwa sindano, na ule utando ukaachia. Watu waliona kwa macho yao: mtoto aliyekwisha elekezwa kibla aliamka akaomba uji. Lakini zilikuja chupa arobaini tu. Wakubwa wa mji wakakaa, wakaamua zigawiwe kwa nyumba. Nyumba ishirini zenye jina, zenye nambari mlangoni, kila moja chupa mbili, na mwenye nyumba aandike barua kuwa fulani ni mtu wa nyumba yangu, apewe. Na watu wa Ng'ambo je? Watu wa Ng'ambo wangoje meli ijayo. Kana kwamba dondakoo nalo limekata tiketi ya meli ijayo.

Tabia alishikwa na homa Jumamosi. Jumapili alisema koo linamkwaruza, na alilisema neno hilo mara arobaini, kwa sababu alikuwa bado Tabia. Kidawa akampa asali na ndimu, akamkanda shingo kwa mafuta ya nazi ya moto. Mwalimu wa mtaani akaandika kombe kwenye sahani, likaoshwa, akanywa. Jumatatu asubuhi Tabia alikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtoa Makungu nyumbani mbio, na kofia yake kichwani.

Karani wa nyumba ya dawa alikuwa Miraji, kijana mwembamba wa Kikwajuni hiyo hiyo. Alikuwa na kalamu sikioni na daftari kubwa kuliko yeye.

"Miraji, mwanangu kashikwa koo. Nataka ile sindano."

"Pole, mzee wangu. Nyumba ipi?"

"Nyumba gani?"

"Nyumba ya nani. Lazima niandike nyumba."

"Andika nyumba yangu."

"Ina nambari?"

"Ina mlango! Wewe si umekula vitumbua kwenye mlango huo tangu huna meno?"

Miraji akatazama nyuma, ndani, alikokuwa daktari. "Mzee Makungu, si mimi. Ng'ambo haimo humu. Mpaka meli nyingine."

"Lini?"

"Siku kumi na nne. Kumi na tano."

Makungu akaupiga mkono ukutani. Ukuta ule ulikuwa kazi yake. Chumba kile cha kuta nene, chenye baridi, walichokichagua kuweka sanduku la barafu na dawa, ni yeye aliyekipiga lipu, kila pembe, mpaka maji hayaingii wala joto haliingii.

"Ukuta huu nimeujenga mimi, Miraji."

"Basi uombe ukupe barua," alisema Miraji. Aliona haya neno lilipokwisha kutoka, lakini lilikwisha kutoka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nyumba ya Bwana Ghanim ina chupa mbili. Moja wameshaitumia. Ya pili ingalipo. Barua yake tu, mzee wangu. Mstari mmoja."

Makungu alirudi nyumbani polepole. Kidawa alikuwa amempakata Tabia, na ile sauti ya mlango mbovu ilikuwa imeshaanza. Alimweleza mkewe yote, akamalizia kwa kusema kwamba kwa Ghanim haendi, atatafuta njia nyingine, atazungumza na mtu anayemjua mtu.

Kidawa hakupandisha sauti. "Hiyo kofia yako ina roho?"

"Kidawa..."

"Nakuuliza. Ina roho? Ikivuliwa itakufa?"

Basi hapo mazungumzo yakaisha.

Jumanne, mapema, Makungu aliivua kofia akaiweka juu ya mtungi. Akavua makubadhi. Mwavuli akausimamisha nyuma ya mlango. Akavaa shuka ya kazini yenye madoa ya chokaa, akavuka daraja miguu mitupu, akafika Kiponda saa mbili asubuhi.

Bwana Ghanim alikuwa barazani na wageni wawili. Miaka kumi ilimzeesha, ndevu zimekuwa nyeupe, lakini kahawa ni ile ile na mkao ni ule ule. Makungu akainama mpaka mkono ukagusa jiwe la ngazi.

"Shikamoo, Bwana."

Bwana Ghanim akamtazama kichwa kilicho wazi, akatazama miguu, akachukua muda wake.

"Marahaba. Ah, si mwenye mwavuli huyu? Leo umeuacha wapi? Hukuona mawingu?"

Wageni wakacheka. Makungu naye akatabasamu kidogo, kama inavyopasa. Akakaa kwenye ngazi ya chini, miguu ameikunja, akangoja kuulizwa.

Sasa wewe unayesoma hapo, najua unavyoniambia: si aseme! Si apige kelele, mwanangu anakufa! Ni rahisi kwako, umekaa kwenye mkeka wako. Lakini mtu huyu alikuja kuwa mtu wa nyumba ile tena, kwa sababu dawa ilikuwa ya watu wa nyumba ile. Aliona kwamba akifanya nusu ya adabu, atapata nusu ya msamaha. Kosa lake la zamani lilikuwa kusema bila kuulizwa. Basi leo hatasema. Ataonyesha, kwa kila dakika atakayonyamaza, kuwa ule mwavuli umekwisha. Alipoivua kofia, ulimi nao aliuacha juu ya mtungi.

Na Bwana Ghanim naye alimwacha akae. Hakujua kuna nini. Alidhani mtu wake wa zamani amefulia, amekuja kutaka kazi au kibanda cha kukaa shamba, na haja kama hiyo inaweza kungoja. Kusema kweli alikuwa akiionea raha. Miaka kumi ya ile Sabalkheri, sasa ameikalisha kwenye ngazi anaitazama. Angemwacha aive kidogo, kisha angemuuliza, na pengine angempa zaidi ya alichotaka, maana ukarimu wake ulikuwa wa namna hiyo.

Wakazungumza bei ya karafuu. Wakazungumza kesi ya mtu na shemeji yake. Mjukuu wa Bwana Ghanim, Badriya, mtoto wa miaka sita kama Tabia, akatoka mbio akizungusha pete ya pipa. Mgeni mmoja akauliza, "Huyu ndiye mliyemdunga?"

"Ndiye," alisema Bwana Ghanim.

"Alikuwa na koo?"

"Hakuwa na hata mafua. Tahadhari tu. Bibi yake kashikilia."

Makungu aliyasikia hayo. Alimtazama mtoto akizungusha pete yake mpaka mwisho wa kichochoro na kurudi, akipiga kelele kwa koo zima. Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya jiwe la ngazi, na kucha alizikandamiza humo mpaka chokaa ikaingia chini yake.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Wageni wakaondoka, Bwana Ghanim akaenda msikitini, akarudi, akapita pale pale ngazini, akaingia kula. Baada ya kula akalala. Makungu alikuwa bado kwenye ngazi. Jua lilimfika kichwani, kichwa kitupu, likamfika miguuni. Alihesabu pumzi za mtoto ambazo hakuzisikia.

Aliyemwona ni Bi Hamda, mke wa Bwana Ghanim. Asubuhi alikuwa hakumwona, na wakati wa adhuhuri alimwona akapuuza, lakini karibu na alasiri alitazama tena dirishani akamkuta palepale kama mfuko wa saruji uliosahauliwa. Akaita kutoka juu, bila kujionyesha:

"Makungu!"

"Naam, Bi."

"Una nini wewe unakaushwa na jua?"

Ameulizwa. Na maneno yakamtoka Makungu yote kwa mpigo, koo, utando, siku ya nne, sindano, barua, hata Bi Hamda akashindwa kuyapanga. Lakini neno moja alilipata. Akaenda akamwamsha mumewe kwa mikono miwili.

Bwana Ghanim alishuka kilemba mkononi.

"Umekuwapo hapa tangu lini?"

"Tangu saa mbili, Bwana."

"Na mtoto yu katika hali hiyo?"

"Naam, Bwana."

"Mbona hukusema?"

Makungu akainua macho. "Sikuulizwa, Bwana."

Kisa cha jiko kilipita pale kati yao, nyote mmekisikia, na safari hii hapakuwa na wa kucheka. Bwana Ghanim akakaa ghafla kwenye baraza. Akataka wino na karatasi, akaandika bismillahi, akaandika nusu mstari, akasita.

"Mtoto huyu kazaliwa lini?"

"Ana miaka sita, Bwana."

"Basi ni huru tangu tumboni. Sheria imeshasema, mtoto wa sasa si wa mtu. Nikiandika kwa mkono wangu kuwa ni mtu wa nyumba yangu, Balozi wa Kiingereza atasema Ghanim amerudia mambo ya zamani. Nitafungwa kwa mstari huu."

Hebu yatazameni mambo. Kama Tabia angekuwa mtumwa, angepata dawa ile Jumatatu. Aliyejibu ni Bi Hamda, kutoka kwenye ngazi za ndani, nyuma ya pazia.

"Andika, Ghanim! Wakija waambie nimesema mimi. Mwanamke mzee, watanifunga wapi? Andika, nisije nikashuka hivi hivi!"

Akaandika. Makungu aliichukua karatasi kwa mikono miwili, akakimbia hatua mia tatu mpaka nyumba ya dawa. Mlango ulikuwa umefungwa. Daktari alikwisha kwenda kwake, na funguo za chumba cha barafu zilikuwa mfukoni mwake. Mlinzi akasema, "Kesho, asubuhi."

Jumatano asubuhi Makungu alimbeba Tabia mgongoni. Kidawa aliuchukua mwavuli nyuma ya mlango, akaufungua, akawa anatembea pembeni akiwafunika. Mumewe hakumkataza. Walipofika mwisho wa daraja, miguu inakanyaga upande wa mjini, Makungu akasimama.

"Funga. Tunaingia mjini."

"Mtoto anaungua jua."

"Sisi ni watu wa nyumba ya Bwana Ghanim leo. Funga."

Kidawa akaufunga. Njia iliyobaki mtoto alikwenda juani.

Safari hii hapakuwa na kungoja. Miraji aliona barua, akaandika, akamkimbilia daktari. Daktari alikuwa Mhindi, Mparsi mwenye miwani, si mtu mbaya, mikono yake ilikuwa myepesi. Alimfungua Tabia mdomo, akatazama. Alimdunga ubavuni chupa nzima. Kisha akamuuliza Makungu:

"Leo asubuhi umemleta. Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

Kidawa alimgeukia mumewe, akangoja kusikia atajibu nini.

Mtoto alilazwa kwenye benchi la barazani, kichwa kwenye paja la mama. Dawa inataka muda ili ifanye kazi, na muda ndio uliokuwa haupo. Kiasi cha saa nne alifumbua macho, akamwona baba yake bila kofia, na midomo ikatikisika. Tabia alitaka kusema kitu. Mpaka leo hakuna anayejua ni kitu gani. Kabla ya adhuhuri, ile sauti ya mlango mbovu ilikoma.

Bwana Ghanim alituma mtu kusema mtoto anaweza kuzikwa pembeni ya makaburi ya jamaa yake. Makungu alimwambia yule mtu asante. Akamchukua mwanawe mikononi, amefunikwa kanga ya mamaye, na hapo hapo katikati ya Kiponda, mbele ya baraza zote, akamwambia Kidawa, "Fungua mwavuli." Wakatembea hivyo mpaka Kikwajuni, mwavuli wazi juu ya mtoto. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ulipofunguliwa.

Kidawa hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Aliendelea kukaanga vitumbua na kumwekea chai yake, na maneno yake machache yakawa machache zaidi, mpaka mwaka uliofuata akaenda kwa ndugu zake Makunduchi kuwatazama, asirudi.

Lakini nimeruka. Siku ya saba baada ya maziko Makungu alikwenda kwa Miraji, amevaa kofia yake.

"Nisomee mlivyomwandika."

Miraji hakutaka. Kisha akasoma: "Nyumba ya Ghanim bin Darwesh. Mtoto wa kike, mtu wa nyumba. Chupa ya pili. Amekufa."

"Jina halimo?"

"Barua haikuwa na jina, mzee wangu."

"Futa."

"Daftari halifutwi. Nitafukuzwa kazi."

"Basi ongeza. Andika: Tabia binti Makungu. Nyumba ya Makungu, Kikwajuni."

"Nambari sina..."

"Andika moja. Mtaanzia hapo."

Miraji akatazama nyuma, ndani. Kisha akainama, akaandika pembeni mwa ukurasa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na mkono wake mwingine akauweka juu ili asionekane.

Meli ikaja. Safari hii chupa zilikuwa nyingi, wakubwa wakasema na Ng'ambo nao wapewe, bila barua. Ndiyo, walisema hivyo, na wakasifiwa. Asubuhi ya kwanza baraza ilijaa. Wenye vilemba walipanda moja kwa moja, hodi hodi, wakaingia. Watu wa Ng'ambo na wa mashamba walikaa chini pembeni, watoto mapajani, adabu zao zote kichwani, wakingoja kuulizwa. Hakuna aliyewakataza kuingia, wala hakuna aliyewauliza, na sanduku la barafu lilikuwa likipungua.

Makungu alikuwa akipita kwenda kazini. Akasimama. Alimwona mwanamke wa Kiembe Samaki, amekuja kwa miguu tangu alfajiri, mtoto kwenye kanga anavuta pumzi kwa sauti ile. Mwanamke alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameikusanya, adabu kamili, hata Bwana Ghanim asingepata la kumkosoa.

Makungu akamchoma mbavu kwa ncha ya mwavuli. Mwanamke akaruka.

"Sema!"

"Nini, Bwana? Sijaulizwa..."

"Mtoto kaanza lini?"

"Juzi."

"Basi kaseme juzi. Sema mlangoni, sema kwa nguvu, wakikutukana sema tena. Inuka!"

Yule mtoto alipona. Wa kesho yake, wa mtu wa Jang'ombe, hakupona. Makungu aliwachoma wote sawa, akaendelea kuwachoma asubuhi baada ya asubuhi, akiwa na kofia yake na makubadhi yake, jua linampiga, mwavuli umefungwa.